Kupima moyo wa mwanamichezo wa kulipwa: maswali, ECG, eko, au vyote kwa pamoja?

Mwaka 1996 Nwankwo Kanu alitoka Olimpiki ya Atlanta na medali ya dhahabu, akaenda kujiunga na Inter Milan. Madaktari wa klabu walipompima wakakuta vali ya aota, mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo, ina hitilafu. Novemba mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji. Alirudi uwanjani, akaja kuitumikia Arsenal kwa misimu kadhaa, na mwaka 2000 akaanzisha taasisi ya kuwasaidia wenye maradhi ya moyo wapate upasuaji. Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka katika uwanja wa Gerland mjini Lyon, kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa na miaka 28, na hakuamka. Uchunguzi wa maiti ulionyesha ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo kuwa minene kupita kiasi.

Wote wawili walikuwa wachezaji wa kulipwa waliopita mikononi mwa madaktari wa klabu za Ulaya. Ubishi wa kama mwanamichezo wa kulipwa apimwe moyo umekwisha. Uliobaki ni apimwe kwa kipimo gani, kila baada ya muda gani, na majibu ayasome nani. Nalinganisha njia zilizopo kwa ajili ya daktari wa timu, kiongozi wa klabu anayepanga bajeti, na mchezaji mwenyewe anayeletewa fomu asaini bila kuelezwa kitu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mchezaji wa kulipwa aliye chini ya miaka 35, maswali, uchunguzi wa mkono na ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, viende pamoja kila mwaka, na eko, yaani picha ya ultrasaundi ya moyo, iongezwe walau anaposajiliwa, klabu ikiwa na uwezo. Klabu ikilazimika kuchagua kati ya mashine mpya na mtu anayejua kuusoma moyo wa mwanamichezo, imchague huyo mtu.

Tunatafuta nini hasa

Kwa kijana, kifo cha ghafla uwanjani mara nyingi kinatokana na kitu alichozaliwa nacho. Upo huo ugonjwa wa misuli minene, unaompata takriban mtu mmoja kati ya 500. Upo ule ambao misuli ya moyo, hasa upande wa kulia, inageuka taratibu kuwa kovu na mafuta. Ndio uliomchukua Antonio Puerta wa Sevilla mwaka 2007. Yapo matatizo ya umeme peke yake, ambapo moyo ukitazamwa unaonekana mzima kabisa lakini mfumo wa umeme una kasoro, kama vile QT ndefu, ambapo moyo unachelewa kujiandaa upya kwa umeme baada ya kila pigo, au njia ya ziada inayopitisha umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini. Kuna mshipa wa kulisha moyo ulioota mahali pasipo pake, ukawa unabanwa mtu anapokimbia kwa nguvu zake zote. Kuna aota dhaifu. Na kuna uvimbe wa misuli ya moyo unaoletwa na virusi, ambao unaweza kumpata mtu aliyepimwa mwezi uliopita akaonekana hana neno.

Akivuka miaka 35, adui mkubwa anakuwa mwingine, yaani mafuta yanayoziba mishipa ya moyo. Iker Casillas alipata shambulio la moyo akiwa mazoezini na Porto tarehe 1 Mei 2019, akiwa na miaka 37.

Hatari hii haiwagusi wote sawasawa. Kwa wanamichezo wa vyuo vikuu vya Marekani, hesabu za miaka kumi zilionyesha kifo kimoja cha ghafla cha moyo kwa kila wanamichezo 53,700 hivi kwa mwaka. Kwa wanamichezo weusi ilikuwa kimoja kwa kila 21,500, na kwa wanaume wa mpira wa kikapu wa daraja la juu ilikuwa kimoja kwa kila 5,200. Kwa vijana wa akademi za soka za Uingereza ilipatikana kimoja kwa kila 14,800 hivi. Anayepanga vipimo vya timu ya kikapu kwa kutumia wastani wa wanamichezo wote anawapunja wachezaji wake.

Maswali na uchunguzi wa mkono

Hii ndiyo njia ambayo Marekani imeitegemea kwa muda mrefu. Chama cha Moyo cha Marekani kina orodha ya vipengele 14. Baadhi ni maswali kwa mchezaji mwenyewe, kama maumivu ya kifua wakati wa mazoezi, kuzirai, au kuchoka kusiko na sababu. Mengine ni ya ukoo: kama kuna aliyekufa ghafla kwa moyo kabla ya miaka 50, au mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana kuwa wa kurithi. Vilivyobaki ni vya daktari mwenyewe: kupima presha, kusikiliza moyo mchezaji akiwa amelala na akiwa amesimama, kupapasa mapigo ya kwenye nyonga, na kutazama umbo la mwili kama lina dalili za Marfan, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha tishu zinazoshikilia mwili, aota ikiwemo.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji umeme wala mtambo. Udhaifu wake ni mkubwa. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba maswali peke yake yananasa takriban asilimia 20 ya wenye ugonjwa hatari, na uchunguzi wa mkono asilimia 9. ECG ilinasa asilimia 94. Isitoshe, maswali na uchunguzi wa mkono viliwatilia shaka watu wazima kabisa kwa kiwango kilichozidi kile cha ECG, asilimia 8 na 10 kwa 6.

Sababu inaeleweka. Wengi wenye magonjwa haya hawana dalili yoyote, na kwa baadhi yao dalili ya kwanza ni kuanguka. Kwa wanamichezo wa kulipwa kuna jambo la pili. Anayeulizwa anajua mkataba wake uko mezani. Ukimuuliza mbele ya kocha au wakala, "Umewahi kuzirai?", atasema hapana, na wala huwezi kumlaumu. Mtoe chumbani kwa watu, mweleze nani ataona majibu yake, kisha ubadilishe swali: "Umewahi kuanguka au kuona giza ukiwa unakimbia, hata mara moja, hata ulipokuwa mtoto?" Kuzirai baada ya kusimama, mbio zikishakwisha, mara nyingi hakuna ubaya. Kuzirai katikati ya mbio ni jambo la kusimamisha kila kitu mpaka lipate jibu.

Kwenye habari za ukoo pia swali la juujuu halitoshi. Mchezaji anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba hakuna mgonjwa wa moyo kwao. Muulize kama yupo aliyezama majini ilhali alijua kuogelea, aliyepata ajali ya gari akiwa peke yake bila sababu, mtoto aliyekufa usingizini, au ndugu anayesemekana ana kifafa. Nyuma ya vifo kama hivyo wakati mwingine imejificha QT ndefu. Ni swali la dakika mbili ambalo hakuna mashine inayoweza kuliuliza.

Kwa hiyo njia hii isiachwe hata siku moja, ila kwa mwanamichezo wa kulipwa isiwe ndiyo yote.

ECG

Vibandiko kumi, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, mchezaji amelala ametulia, na dakika chache baadaye karatasi iko mkononi. Kipimo chenyewe ni chepesi. Ubishi wote wa miaka arobaini umekizunguka hiki.

Wanaokitetea wanaanzia Italia. Tangu mwaka 1982 nchi hiyo inamtaka kila mwanamichezo wa mashindano apimwe kila mwaka, ECG ikiwemo. Katika jimbo la Veneto, vifo vya ghafla vya moyo kwa wanamichezo wenye miaka 12 hadi 35 vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka mwanzoni hadi 0.4 ilipofika 2003–2004, sawa na kushuka kwa asilimia 89. Katika muda huohuo, vifo vya vijana wenzao wasio wanamichezo havikubadilika. Kati ya wanamichezo 42,386 waliopimwa kwenye kituo cha mji wa Padova, katika jimbo hilo, asilimia 2 walizuiwa kushindana kwa sababu ya moyo.

Wanaokipinga wanaitaja Israel, iliyopitisha sheria ya kupima mwaka 1997. Watafiti walilinganisha miaka ya kabla na ya baada ya sheria hiyo, wakakuta 2.54 na 2.66 kwa kila 100,000. Hapakuwa na tofauti yoyote ya maana. Wanaitaja pia Minnesota, jimbo la Marekani, ambako vijana hawakupimwa ECG lakini vifo vyao havikuzidi vile vya Veneto ya miaka ya karibuni.

Nimezipima hoja hizi mara nyingi, na naona kila upande una pengo lake. Kiwango cha mwanzo cha Veneto kinatokana na miaka miwili tu iliyokuwa mibaya, na hapakuwa na kundi la wanamichezo wasiopimwa la kulinganisha. Hesabu ya Israel ilitegemea habari za magazeti, na vifo vyenyewe vilikuwa vichache kiasi kwamba kimoja au viwili vinabadilisha picha. Lakini ubishi huu unahusu zaidi kama serikali ilazimishe kupima mamilioni ya vijana wa shule. Mchezaji wa kulipwa ni suala jingine. Ni wachache, wana daktari wao, mwajiri anawajibika kwao, na kazi yenyewe inausukuma moyo hadi mwisho wa uwezo wake karibu kila siku. Kwao sioni sababu ya kukwepa kipimo ambacho kinanasa mara nne zaidi ya maswali.

Tatizo la kweli la ECG ni msomaji. Moyo uliofanya mazoezi miaka mingi unabadilika. Mapigo yanashuka, wakati mwingine hadi chini ya 40 kwa dakika mchezaji akiwa amepumzika, vyumba vinapanuka, kuta zinanenepa, na karatasi ya ECG inatoka na alama ambazo kwa mtu wa kawaida zingemtia daktari hofu. Ndiyo maana mwaka 2013 vilitolewa vigezo vya Seattle, na mwaka 2017 vikafuata vigezo vya kimataifa, vinavyotenganisha kilicho cha kawaida kwa mwanamichezo, cha mpakani, na cha kuchunguzwa. Kila toleo limepunguza idadi ya wazima wanaotiliwa shaka bila kuwapoteza wagonjwa.

Mchukue mchezaji mweusi mwenye asili ya Afrika. ECG yake inaonyesha mstari uliopanda wenye umbo la kuba, ukifuatwa na wimbi la T (alama ya moyo kujiandaa upya kwa umeme baada ya pigo) lililopinduka, kwenye vibandiko vya kifuani kuanzia cha kwanza hadi cha nne. Kama hana dalili wala historia ya ukoo, vigezo vya 2017 vinasema huo ni moyo wake wa mazoezi, acheze. Lakini wimbi hilohilo likipinduka hadi kibandiko cha tano na cha sita, halihesabiki tena kuwa la kawaida kwa mwanamichezo wa rangi yoyote, na lazima lichunguzwe kwa kina. Msomaji asiyejua mpaka huo atakosea kwa namna mbili. Atamzuia mzima, au atamruhusu mgonjwa kwa kudhani kwamba "waafrika ndivyo walivyo". Nimeshaona karatasi iliyoandikwa na mashine yenyewe "si ya kawaida" ikimfanya kijana mzima akose kulala wiki nzima, kwa sababu tu aliyeipokea hakuwa na vigezo hivyo mezani. Maandishi ya mashine yasitegemewe hata kidogo, kwa kuwa mara nyingi hayakuundwa kwa ajili ya wanamichezo.

Kuna pia ambacho ECG haikioni: mshipa wa moyo ulioota vibaya, aota iliyoanza kupanuka, vali mbovu ambayo bado haijauelemea moyo. Hayo yanapita kimya na karatasi inatoka safi.

Eko

Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, inaonyesha umbo. Inapima unene wa kuta, ukubwa wa vyumba, kazi ya vali, upana wa aota pale inapoanzia, na mpimaji hodari anaweza kuonyesha mishipa ya moyo inatokea wapi. Hitilafu ya vali ni ya kuonekana hapa. Umeme eko haiuoni. QT ndefu na njia ya ziada vitapita mbele yake bila kutambuliwa. Ukiziweka pamoja unaona kwa nini eko isichukuliwe kuwa ECG iliyoboreshwa. Kila moja ina eneo lake, na anayenunua moja akidhani amepata zote mbili amejidanganya.

Ligi zenye uwezo zimezichukua zote. NBA tangu 2006 inamtaka kila mchezaji apimwe kila mwaka ECG na eko ya wakati wa mazoezi. FIFA ilianza kutaka wachezaji wote wa Kombe la Dunia wapimwe kabla ya mashindano, kuanzia lile la Ujerumani mwaka 2006.

Mtego wa eko uko kwenye milimita. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto kwa kawaida hauzidi milimita 12. Utafiti mmoja wa wanamichezo wanaume ulikuta kwamba kati ya weusi asilimia 18 walivuka milimita 12, ikilinganishwa na asilimia 4 ya weupe. Ukisoma milimita 13 hadi 15 uko kwenye eneo la kijivu, ambapo mazoezi na ugonjwa vinafanana. Hapo unatazama chumba chenyewe: cha mwanamichezo kwa kawaida kimepanuka, mara nyingi zaidi ya milimita 55, na cha mgonjwa wa misuli minene huwa kidogo. Unatazama jinsi moyo unavyolegea kati ya mapigo, unarudi kwenye ECG, unarudi kwa ukoo. Ikishindikana, mchezaji anasimama mazoezi kwa miezi mitatu hivi kisha anapimwa tena, kwa sababu unene wa mazoezi hupungua na wa ugonjwa haupungui. Miezi mitatu kwa mchezaji wa kulipwa ni karibu theluthi ya msimu. Ndiyo maana kipimo hiki kifanyike mapema kabla ya msimu, isiwe siku mbili kabla ya dirisha la usajili kufungwa.

Zote kwa pamoja, na bado hazikutosha

Utafiti ambao kila kiongozi wa klabu angepaswa kuujua ni wa Chama cha Soka cha England, uliochapishwa mwaka 2018. Kati ya 1996 na 2016 walipimwa vijana 11,168 wa akademi, wastani wa miaka 16, kwa maswali, uchunguzi wa mkono, ECG na eko. Waliokutwa na ugonjwa unaoweza kuua ghafla walikuwa 42. Wengine 225 walikutwa na hitilafu za kuzaliwa au za vali. Hao ni vijana wengi waliotibiwa au kulindwa kwa sababu kuna mtu alijali kuwapima.

Baadaye, 8 kati ya wote waliopimwa walikufa kwa moyo. Sita kati ya hao 8 walikuwa wamepimwa wakaambiwa wazima. Wastani wa muda kati ya kipimo na kifo ulikuwa miaka 6.8, na saba walikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo, ambao mara nyingi hujitokeza mtu akiwa tayari ameshabalehe. Ninachokisoma hapo ni kwamba kipimo kimoja cha miaka 16 hakiwezi kumlinda mchezaji wa miaka 23. Klabu inayojivunia kuwa inapima kila anayesajiliwa, kisha isimpime tena kwa mkataba mzima wa miaka mitano, imefanya nusu ya kazi.

Hata kurudia kila mwaka hakumalizi yote. Davide Astori, nahodha wa Fiorentina ya Italia, alikutwa amekufa hotelini Udine asubuhi ya siku ya mechi, tarehe 4 Machi 2018, katika nchi yenye sheria kali kuliko zote za kupima wanamichezo.

Vipimo vya ziada

Kipimo cha mazoezi kwenye mashine ya kukimbilia kina kazi mbili: kuchochea mapigo yasiyo na mpangilio ambayo hayajitokezi mtu akiwa amelala, na kuwakagua waliovuka miaka 35. Kwa kijana asiye na dalili, kama kipimo cha kwanza, hakiongezi mengi. Kwa mchezaji mkongwe, hasa mwenye presha, kisukari, lehemu nyingi au mvutaji sigara, ni cha lazima, na kikitia shaka CT scan ya mishipa ya moyo inafuata. Umri lakini usiwe ukuta. Sergei Grinkov, bingwa wa Olimpiki wa kuteleza kwenye barafu, alikufa mazoezini mwaka 1995 akiwa na miaka 28 kwa mishipa iliyoziba.

MRI ya moyo inaona kovu ambalo eko haiwezi kuliona. Ni kipimo cha kumaliza shaka, si cha kuwapitisha wote. Baada ya korona, ligi kubwa za Marekani ziliwapima wachezaji 789 waliougua, kwanza kwa ECG, eko na kipimo cha damu. Waliokutwa na kitu cha kutilia shaka, 30, ndio waliopelekwa mbele, na 5 wakathibitika kuwa na uvimbe wa moyo. Napenda mpangilio ule: rahisi kwa wote, mzito kwa wachache.

Kipimo cha vinasaba kinafaa ugonjwa ukishashukiwa, au pale jamaa wa damu ameshathibitika. Kukitumia kumchuja mchezaji mzima ni hatari kwa haki zake. Mwaka 2005 Chicago Bulls ya NBA walimtaka mchezaji wao Eddy Curry apime vinasaba baada ya kupata mapigo yasiyo na mpangilio. Alikataa, na klabu ikamuuza New York Knicks. Naona alikuwa na haki ya kukataa. Majibu ya vinasaba yanaongelea pia mama yake, ndugu zake na watoto wake, na mara nyingi hayasemi kama yeye mwenyewe ataugua.

Ambacho hakipimiki

Tarehe 2 Januari 2023 Damar Hamlin wa Buffalo Bills, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, alipigwa kifuani katika mgongano wa kawaida wa mchezo, akasimama, kisha akaanguka. Pigo lilitua katika sekunde ileile mbaya ya mzunguko wa umeme wa moyo. Hakuna ECG wala eko ambayo ingelitabiri. Alipona kwa sababu waliomzunguka walianza kumkandamiza kifua mara moja na mashine ya kushtua moyo ilikuwa hapo. Fabrice Muamba, mchezaji wa soka wa Bolton ya England, mwaka 2012, moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na bado alipona, kwa kuwa kifua chake hakikuachwa bila kukandamizwa.

Bila kukandamizwa kifua, kila dakika inayopita kabla ya kushtuliwa inapunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kwa hiyo klabu isiyoweza kumudu eko ya kila mwaka ianzie hapa: mashine ya kushtua moyo pembeni ya uwanja wa mazoezi, si kwenye kabati lililofungwa ofisini, na wachezaji, makocha na watunza vifaa wote wafundishwe kuitumia. Mchezaji akianguka bila kuguswa na haitiki, hesabu kwamba moyo umesimama mpaka ithibitike vingine. Kutikisika kwa mikono na miguu kusimhadae mtu akadhani ni kifafa.

Nani achague nini

Klabu ndogo yenye daktari mmoja: maswali ya faragha na uchunguzi wa mkono kila mwaka, ECG kila mwaka ikisomwa kwa vigezo vya 2017, hata kwa kumtumia picha mtaalamu aliye mbali, na mashine ya kushtua moyo. Eko ielekezwe kwa wenye shaka. Klabu ya ligi kuu iongeze eko kwa kila anayesajiliwa, irudie kila baada ya miaka michache hadi mchezaji afike katikati ya miaka ya ishirini, na iwe na makubaliano na daktari bingwa wa moyo kabla ya shaka kutokea. Fikiria wachezaji 1,000: kwa viwango vya utafiti wa England, wagonjwa halisi ni 4 hivi, na kwa kiwango cha asilimia 6, wazima watakaotiliwa shaka ni kama 60. Kuanza kupima bila kujua hao 60 wataenda wapi ni kuwatesa. Timu ya wakongwe iweke nguvu kwenye presha, lehemu, na kipimo cha mazoezi.

Mchezaji naye aulize kabla ya kulala kitandani: majibu yanakwenda kwa nani, mkataba unasemaje yakiwa mabaya, na kama ana haki ya daktari wa pili.

Maana kukutwa na ugonjwa si lazima iwe mwisho, na nchi zinatofautiana. Christian Eriksen alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akapandikizwa kifaa cha kushtua moyo kifuani. Kanuni za Italia hazikumruhusu kuendelea kuichezea Inter Milan akiwa nacho, wakaachana naye. England ikamruhusu, akacheza Brentford, kisha Manchester United. Upande wa pili yupo Raphael Dwamena wa Ghana. Uhamisho wake kwenda Brighton ulikwama mwaka 2017 baada ya vipimo vya moyo, baadaye akawekewa kifaa, akaamua mwenyewe kitolewe mwaka 2022, na tarehe 11 Novemba 2023 akafa uwanjani nchini Albania. Naheshimu haki ya mchezaji kushiriki katika uamuzi, na naamini hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Ila daktari anayemwonea huruma akanyamaza hajamsaidia. Amwambie hatari kwa lugha yake, zaidi ya mara moja, familia ikiwepo kama mwenyewe anaridhia.

Familia inahusika kwa namna nyingine pia. Mengi ya magonjwa haya yakithibitika kwa mchezaji, kila ndugu wa tumbo moja na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo. Flo Hyman, nyota wa mpira wa wavu wa Marekani na mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya 1984, alikufa Japani Januari 1986 wakati wa mechi, akiwa benchi. Aota yake ilikuwa imepasuka kwa sababu ya Marfan ambayo hakuna aliyeijua. Baada ya hapo kaka yake alipimwa, akakutwa na hali hiyohiyo, akafanyiwa upasuaji. Klabu inayompima mchezaji na kukuta kitu iandike pia, kwenye fomu hiyohiyo, majina ya jamaa wa damu wanaopaswa kuitwa, na nani atawapigia simu.